Wifi Yangu na Treni ya Angani

Uvumi ulianza na vigingi. Asubuhi moja tulifika kazini tukakuta mtu amepigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kwenye majani, kuanzia nyuma ya gurudumu kubwa hadi kwa farasi wa wifi yangu. Kimoja kilikuwa kimesimama mbele kabisa ya ngazi yake. Wifi alikitazama, akakizunguka, kisha akakitundikia mfuko wake wa chakula.

"Sijui ni cha nani," aliniambia, "ila kimenifaa."

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado ananyonya, na yeye, binti ambaye hata nywele zake mwenyewe alikuwa hajajua kuzisuka, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea, akamsomesha, na siku ya harusi akanikabidhi huku akininong'oneza: "Huyu anakoroma. Usije ukasema sikukuambia." Mwenyewe aliolewa, ndoa ikavunjika, mtoto hakujaliwa. Watu wanaolijua jambo hilo hulitaja kwa sauti ya chini. Yeye hulitaja kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani.

Kazi yake ilikuwa kuendesha farasi wa kuzunguka katika uwanja wa bembea wa mji wetu. Ni farasi wa mbao, wamepakwa rangi juu ya rangi mpaka nyuso zimevimba, na mmoja hana sikio. Watoto wanapanda, wifi anavuta mpini, muziki unalia, wanazunguka. Mimi nashona viti na mikanda ya uwanja mzima. Kibanda changu kiko hapo hapo kando ya farasi, na mwanangu hulala ndani ya sanduku la vitambaa. Kwa hiyo haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu. Nimeyaona nikiwa na sindano mkononi.

Wifi alikuwa na jambo moja ambalo wenzake walimcheka nalo. Kila asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, ananiita nimvutie mpini, naye anapanda farasi, leo huyu, kesho yule. Anazunguka peke yake, mwanamke mzima mwenye mwili wake, ameshika nguzo, amekunja uso kama mtu anayemsikiliza mwongo. Akishuka ndipo anasema, "Haya, wafungulie." Mwenyewe anaita kuonja.

"Wewe unaweza kumpakulia mtu mchuzi ambao hujauonja?" aliniuliza nilipokuwa mgeni pale.

Alianza siku yake ya pili kazini. Siku ya kwanza mama mmoja alikuja na mtoto, akamuuliza, "Wewe mwanao umeshampandisha hapa?" Wifi akajibu kwamba hana mtoto. Yule mama alimshusha wake taratibu, akaenda zake. Wifi hakumkasirikia hata kidogo.

"Alikuwa na haki yake," aliniambia. "Mimi sina mtoto wa kumtanguliza, basi natanguliza makalio yangu."

Sasa turudi kwenye vigingi. Hakuna aliyetangaza kitu. Meneja wetu, kijana nadhifu anayetembea na simu ya upepo kiunoni hata akienda kunywa chai, aliulizwa akatabasamu tu. Na pale uwanjani tabasamu la meneja ni sawa na gazeti. Kabla ya mchana kila mtu alikuwa ameshalisoma kwa namna yake.

Msomaji mkuu alikuwa muuza barafu, tunayemwita Baridi. Alikuja mbio na sanduku lake begani.

"Inakuja treni! Nimeambiwa na dereva wa lori, naye kaambiwa na mtu anayejua. Inapanda reli mpaka mawinguni, inageuka kichwa chini miguu juu, halafu inaachiwa. Inaachiwa hivi hivi!"

Akaiachia barafu aliyokuwa ameishika ili tuelewe vizuri. Ikaanguka mchangani. Akaiokota haraka, akaifuta kwenye suruali.

"Na hiyo unamuuzia nani?" wifi akamuuliza.

"Hii? Hii ni yangu mwenyewe, dada."

"Ilambe basi nikuone."

Akailamba, mchanga ukisikika menoni, huku anatutazama kwa uchungu.

Kuanzia siku hiyo treni ile ilikua kuliko mtoto wangu. Ilipewa jina, Treni ya Angani. Mara itapita juu ya barabara kuu, magari chini yake. Mara itaingia chini ya ardhi itokee ng'ambo, upande wa bembea. Fundi wa gurudumu kubwa alidai kuwa huko ilikotoka kuna bwana alipanda na meno yake yote akashuka kibogoyo. Watu walianza kuja kutazama vigingi. Ndiyo, vigingi! Walisimama navyo wakapigwa picha. Watoto walifika kwa farasi wakapanda shingo upande, wanauliza, "Treni iko wapi?" Kuna mmoja, hata kusema herufi zote alikuwa hawezi, alimwangalia wifi akamwambia, "Hawa ni wa watoto."

"Na wewe ni nani, mjukuu wangu? Mzee wa mtaa?"

"Mimi nataka teni."

Wifi alicheka. Lakini nilimwona akimpapasa yule farasi asiye na sikio, kama mtu anayemwambia mwenziwe asijali.

Kisha ukaja uvumi wa pili. Huu Baridi hakuuleta mbio. Alikuja akisuasua, akaweka sanduku chini, akaanza kukuna shingo.

"Dada, mimi ni mjumbe tu. Wanasema farasi watauzwa kuni. Na wa kuendesha treni wanatakiwa vijana, wembamba, wenye sura za kisasa. Wewe wanasema utapelekwa chooni."

"Chooni kufanya nini?"

"Kukaa mlangoni. Kugawa karatasi."

Wifi aliendelea kufuta tandiko la farasi. Alilifuta mahali pamoja tu, mpaka nikaogopa rangi itatoka. Kisha akatupa kitambaa, akaenda kumtafuta meneja. Sikumfuata. Sikuwa na haja, kwa kuwa alimkuta pale pale mbele ya kibanda changu.

"Meneja, nasikia naenda chooni."

"Ah, dada yangu! Maneno ya watu hayo." Akatabasamu. "Ingawa ukiangalia vizuri, pale pana kivuli. Pana kiti. Kwa umri wako ni heshima."

"Umri wangu umekuomba kiti?"

"Sikiliza, dada. Treni ni mambo ya juu. Inataka watu wepesi. Wewe hata ngazi ya kubadilishia balbu hupandi, uwanja mzima unajua."

Hapo alimgusa penyewe, maana ni kweli. Wifi anaogopa urefu. Kuzunguka hakumsumbui, hata azungushwe kutwa nzima, lakini akiinuka kidogo tu kutoka ardhini macho yanamgeuka. Balbu ya paa la farasi ilipoungua alipanda ngazi, akafika katikati, akaikumbatia, akafumba macho, akakwama. Mimi ndiye niliyemshusha, nikimshika kisigino kimoja kimoja nakiweka mahali pake, huku watu wamekusanyika wanampigia makofi. Gurudumu kubwa, linalozunguka hatua chache kutoka kwake, hajawahi kulipanda hata likiwa limesimama.

Nilidhani atanyamaza. Alimsogelea meneja mpaka ile simu ya upepo ikawa katikati yao.

"Chooni nitaingia nikibanwa," alisema. "Na nikimaliza nitatoka."

Mchana ule alikuja kibandani, akamchukua mwanangu, akawa anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mtoto anampenda kupita kiasi. Akilishwa na mimi anatema, akilishwa na shangazi yake anameza na kuomba tena.

"Wifi," akaanza, "huu uvumi wote unatoka wapi?"

"Kwa Baridi."

"Na Baridi anautoa wapi?"

"Popote tu."

"Basi leo atautoa kwako. Mwambie umesikia kwamba mwendeshaji wa treni ameshachaguliwa."

"Nani?"

"Mimi."

Nikaacha kushona. "Wifi, lakini huo si uongo?"

"Na hiyo habari ya mimi kwenda chooni, umeona imetiwa muhuri wapi? Wao wana uvumi wao, na mimi nina wangu. Tuziachie habari hizi zikimbizane, tuone ipi itachoka."

"Na urefu je?"

Alimfuta mtoto kidevu. "Urefu ni wa siku ya treni. Leo tuko chini."

Sijazoea mambo hayo mimi. Lakini niliukumbuka ule mkono uliokuwa ukifuta tandiko mahali pamoja, nikatoka nikamnunulia mwanangu barafu asiyoihitaji.

"Baridi, nikuambie kitu? Ila usimwambie mtu."

Alifunga sanduku kabla hata sijamaliza. Hakunipa hata barafu yenyewe.

Jioni maneno yalikuwa yamerudi kwetu na yamenenepa. Mkata tiketi alimjia wifi na kumkumbatia: eti ameshapimwa sare, ya bluu, yenye vifungo vya dhahabu. Kesho yake ikawa alikwenda ng'ambo kusomea. "Unakumbuka ile wiki alisema anakwenda kuuguza?" fundi wa gurudumu kubwa aliwaambia wenzake. "Kumbe!" Nyumbani, majirani kwenye bomba la maji walinipisha nichote kwanza. Mume wangu alirudi kutoka kazini ameduwaa.

"Mke wangu, ni kweli dada anaendesha ndege?"

"Treni."

"Mimi nimeambiwa ndege. Nimeshapokea pongezi."

Wifi mwenyewe hakukubali wala hakukataa. Aliyemuuliza alimjibu kwa tabasamu, lile lile. "Nimefunzwa na meneja," aliniambia. "Kazi nzuri, haichoshi."

Malori yakaja kweli. Yalishusha vyuma siku nyingi, mafundi wakaviinua, wakavikaza, wakavipaka rangi ya njano, mpaka mlima wa reli ukasimama mahali ambapo zamani tulikuwa tunaona anga. Haukupita juu ya barabara wala chini ya ardhi. Lakini ulitosha. Nikiutazama kutoka kibandani shingo iliniuma, na nilikuwa nimekaa.

Ndipo akaja mwenye uwanja. Ni bibi mmoja mzee, mwembamba, anayefika kwetu kwa nadra, na akifika hata bembea hunyooka. Alishuka garini, hakuitazama treni. Alitutazama sisi tuliopangwa mstari.

"Yuko wapi huyo mwanamke wa treni?" akauliza. "Mpaka daktari wangu wa meno amenipa habari zake, mdomo wangu ukiwa wazi siwezi hata kumjibu."

Meneja alifungua mdomo kama naye yuko kwa daktari. Wifi akatoka mstarini.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Utaiweza?"

"Nitaionja kwanza."

Yule bibi akacheka kicheko kifupi. "Kuionja! Haya. Meneja, umechagua vizuri."

Na meneja, ambaye hakuwa amechagua mtu yeyote, akasema, "Asante, bibi."

"Na farasi je?" mkata tiketi akathubutu kuuliza.

"Farasi wamekosa nini? Waacheni. Huyu wa sindano atawavutia mpini." Akanielekezea fimbo yake, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya pili bila kuomba ya kwanza kupunguzwa.

Gari lake lilipoondoka tu, meneja alimvuta wifi kando. Aliongea polepole sana, kama anayetia uzi kwenye sindano.

"Umeshinda kwa midomo ya watu. Sawa. Lakini siku ya ufunguzi hutapanda hiyo treni uzimie mbele ya wageni wangu. Utabonyeza kitufe, basi. Hakuna kuonja. Ukileta ukaidi, kile kiti cha chooni bado kipo."

Kubonyeza hakukuwa na shida. Fundi mkuu wa treni, bwana mpole asiyependa maneno, alimfundisha kila kitufe, na wifi alivishika vyote haraka. Shida ilikuwa nyumbani. Alianza kuja kwetu kila akitoka kazini, anavua viatu, anapanda kigoda. Alipokizoea kigoda akahamia meza yetu ya kulia. Mume wangu alisimama chini amenyoosha mikono.

"Nishike," anamwambia, "lakini usinishike."

"Sasa nifanye lipi, dada?"

"Kaa karibu tu, usiniulize maswali!"

Mwanangu alimpigia makofi. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yake. Vilikuwa vimeing'ang'ania meza kama vya kuku juu ya kamba, vimekuwa vyeupe kwenye maungio. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni, na hiyo ni meza tu, tunayolia chakula.

"Wifi, acha," nilimwambia. "Bonyeza kitufe. Hakuna atakayekusema."

"Nitajisema mimi." Akafumbua jicho moja. "Hebu nikuulize. Huyu mwanao utampandisha kwenye ile treni akikua?"

Nikafikiri. "Mpaka ninayemwamini apande kwanza."

"Basi umenijibu. Nishusheni."

Siku ya ufunguzi ikafika. Foleni ilitoka treni ikapita farasi ikapita kibanda changu mpaka langoni. Wa mbele kabisa alikuwa mama mmoja mwenye mkoba mkubwa na mabinti zake mapacha, kila mmoja ameshika pindo la sketi yake upande wake. Bibi mwenye uwanja aliwekewa kiti chini ya mwavuli. Meneja alikuwa na kipaza sauti, suti, na ile simu ya upepo. Alikaribisha wageni, akashukuru, akasifu, akamaliza, kisha akamgeukia wifi.

"Tuwapandishe, dada."

Wifi, ndani ya sare ya bluu isiyo na kifungo chochote cha dhahabu, alichomoa ufunguo kwenye mitambo, akautia kifuani.

"Bado sijaionja."

Meneja alitabasamu kwa ajili ya foleni na kuongea kwa ajili yake. "Dada, nilikuambia nini? Mafundi wanaipandisha mifuko ya mchanga tangu juzi. Imepanda, imerudi, yote mizima!"

"Mifuko ya mchanga haina mama."

Hakupaza sauti. Lakini meneja alikuwa amesahau kukizima kipaza sauti, na maneno yale yalisikika mpaka langoni.

"Usinitie aibu mbele ya watu," alimwambia, safari hii amekifunika kwa kiganja.

"Nitakayeaibika ni mimi. Wewe subiri tu utazame."

Akautoa ufunguo, akampa fundi mkuu. Fundi alimtazama meneja, akamtazama bibi chini ya mwavuli. Bibi alikuwa anajipepea, hakusema ndiyo wala hapana. Fundi akaketi kwenye mitambo.

Wifi aliniita nimfunge. Alichagua kiti cha mbele. Nilimshushia chuma cha kifuani, nikakivuta, nikakivuta tena. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama umetoka kwenye sanduku la Baridi.

"Usinitazame usoni," alisema. "Tazama chuma."

"Natazama chuma, wifi."

"Kimekaza?"

"Kimekaza."

"Basi toka hapa kabla sijashuka."

Treni ikaanza kupanda. Ilikwenda polepole, ikigonga meno ya reli, na kile kichwa kimoja cha wifi kwenye viti vile vyote vitupu kilizidi kuwa kidogo. Nilimkumbatia mwanangu. Kule juu ikasimama kidogo, kama inajiuliza. Halafu ikaachiwa.

Alipiga ukelele. "Mamaaa!"

Watu walicheka, vile watu wanavyocheka mtu mzima akiogopa. Mimi sikuweza. Miaka yote niliyoishi na familia ile sijawahi kumsikia akimwita mama yake, hata akijikata na kisu. Sasa alimwita kwenye kila mteremko, alimwita kichwa chini miguu juu, alimwita mpaka treni ilipoingia kituoni na kusimama kimya kabisa.

Nilimfungua. Alishuka mwenyewe, akatembea wima mpaka kwenye pipa la taka, akalishika kwa mikono miwili, akatapika.

Kicheko cha foleni kilirudi mara mbili. Meneja hakupoteza nafasi. Alishauchukua ufunguo kwa fundi, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni.

"Ndugu wageni, tunaomba radhi. Mwenzetu hajisikii vizuri. Nitaiendesha mimi mwenyewe." Akapita karibu na pipa, akashusha sauti. "Nenda kapumzike. Kiti chako unakijua kilipo."

Wifi alikuwa ameinama bado, mgongo unapanda na kushuka. Nilimpa maji na kitambaa cha mtoto.

Meneja alifungua kijimlango cha foleni, akainama kidogo. "Karibuni. Mama, karibu na warembo wako."

Yule mama mwenye mkoba hakuinua mguu.

"Wewe umeipanda?" akauliza.

"Mimi ni meneja."

"Sikukuuliza cheo. Nimekuuliza, umeipanda?"

"Mama, hii ni mashine mpya. Ina kompyuta, inajiangalia yenyewe."

"Haya. Na yule pale kwenye pipa, yeye ameipanda?"

"Si mmemwona wenyewe? Ndiyo anatapika!"

"Basi namtaka yule."

Mtu akacheka nyuma yake, lakini kilikuwa kicheko kingine sasa. Baba mmoja mwenye mtoto shingoni akasema, "Na mimi namtaka aliyetapika." Mwingine akaitikia. Kisha Baridi, ambaye hakuwa hata kwenye foleni, akapanda juu ya sanduku lake na kuanza kuimba, "A-li-ye-tapika! A-li-ye-tapika!" na foleni nzima ikamfuata kwa makofi mpaka kule langoni, ambako nina hakika hawakujua wanamwimba nani. Meneja alimgeukia bibi chini ya mwavuli. Bibi alikuwa ameacha kujipepea. Alikuwa anapiga makofi, taratibu, kwa vidole tu.

Wifi akasukutua, akatema, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha mwanangu, akanirudishia. Akavuka ule uwanja mdogo kwa miguu isiyosikilizana, akasimama mbele ya meneja, akanyoosha kiganja.

"Nimetapika mimi," alisema. "Mashine haikutapika."

Meneja akauweka ufunguo kiganjani mwake kama mtu anayerudisha kitu alichookota.

"Leo tu," alinong'ona. "Kesho hakuna kuonja. Tunachelewesha wateja."

"Kesho njoo mapema, tupande wote."

Akawapandisha. Alipita kiti kwa kiti akivuta kila chuma kwa mikono miwili. Alipofika kwa mapacha aliinama, akawauliza kama wako tayari. Mmoja akaitikia kwa kichwa. Mwingine akamtazama, midomo imebana, akatikisa kichwa kwa namna ambayo ni lazima uwe unamtazama ndipo uione.

Wifi akamfungulia chuma, akampa mkono, akamshusha.

"Unafanya nini tena?" meneja akapiga kelele kutoka kwenye mitambo. "Mama yake ameshamruhusu!"

"Yeye mwenyewe hajajiruhusu," wifi akajibu. Akamkalisha yule mtoto pembeni yangu, karibu na mwanangu, akarudi kwenye mitambo, akamsogeza meneja kwa kiwiko, akabonyeza.